Sauti za Vugiri: Notcutt, Latham na Lugha ya Sinema hadi Mpaka wa Tunduma

Mji wa Tunduma, ulio leo katika Mkoa wa Songwe, ulikuwa kituo kidogo cha njiani wakati mambo yasimuliwayo hapa yalipotendeka. Picha za sinema zinazohusika hazikupigwa huko. Zilipigwa mbali, katika milima ya Usambara, mahali palipo karibu na pwani kuliko Nyanda za Juu za Kusini. Hata hivyo, atakaye kuipima kazi ya Meja Leslie Allen Notcutt na mwenziwe Geoffrey Chitty Latham, waongozaji waliotengeneza filamu kwa ajili ya Waafrika wa nchi hizi kati ya 1935 na 1937, hana budi kuitazama kutoka mpakani. Vugiri kwaonyesha walilolitaka. Tunduma kwaonyesha waliloliweza. Na kilichotenga nia na uwezo wao hakikuwa fedha tu wala mitambo, bali lugha.

Mpaka wenyewe si wa kale. Waingereza na Wadachi walipatana juu yake mwaka 1890, na tume ya pande zote mbili ikautia alama mwaka 1898, kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, kando ya njia iliyojulikana kwa jina la Barabara ya Stevenson. Wanyamwanga walijikuta wamegawanyika, nusu huku na nusu huku. Upande wa kusini Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Kusini iliweka boma lake Fife, na wamisheni wa Livingstonia wakakaa Mwenzo, kati ya Wanyamwanga, wakaishughulikia lugha yao. Upande wa kaskazini wamisheni wa Moravian walijenga Mbozi katika nchi ya Wanyiha, ambako Traugott Bachmann alijifunza Kinyiha hata akakitia katika maandishi. Kwa hiyo katika miaka ya mwanzo lugha za wenyeji zilitunzwa pande zote mbili, walau na watu wa dini.

Serikali zilikuwa na mashauri mengine. Wadachi walikitumia Kiswahili katika maboma yao, na Waingereza walioishika Tanganyika baada ya Vita Kuu wakauendeleza mtindo huo. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa uliichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na tangu mwezi wa Januari 1930 Kamati ya Lugha ya nchi nne za Afrika Mashariki ikaanza kazi yake. Kusini ya mpaka mambo yalikwenda njia nyingine. Huko, katika miaka iyo hiyo ya mwisho wa 1920, zilichaguliwa lugha nne za kufundishia katika shule za Waafrika, nazo ni Kibemba, Kinyanja, Kitonga na Kilozi. Mtoto wa Kinyamwanga aliyezaliwa upande wa Nakonde alielekezwa kwenye Kibemba. Binamu yake wa Tunduma, ambaye pengine nyumba yao ilionekana kutoka huko, alielekezwa kwenye Kiswahili. Na mtu aliyekuwa Mkurugenzi wa Elimu ya Waafrika katika Rodezia ya Kaskazini tangu 1925 hadi 1931 alikuwa Latham.

Yafaa jambo hilo likumbukwe, maana aghalabu Latham hutajwa kama mwalimu tu aliyeingia katika sinema kwa bahati. Sivyo. Mtu huyu alikuwa amekwisha kuona, kwa muda wa miaka sita, jinsi uchaguzi wa lugha unavyofanywa ofisini na unavyofika kijijini. Alikuwa miongoni mwa wachache waliojua kwamba ukiwataka watu wazima wa kijijini wakuelewe huwezi kuanza na Kiingereza, na kwamba ukianza na lugha nyingine yoyote itakubidi umwache mtu nyuma.

Notcutt alifika kwenye sinema kwa njia ya mkonge. Mwaka 1926 alikuwa meneja wa mashamba ya mkonge Afrika Mashariki, na katika mashamba hayo palikuwa na haja isiyokwisha ya vibarua, wengi wao wakiwa watu waliotoka mbali sana na makwao. Ilidhaniwa kwamba sinema ya shambani ingeweza kuwafanya vibarua waridhike na kazi. Wazo hilo, bila kulipamba, ni wazo la tajiri: mtu akichekeshwa jioni huenda asitoroke asubuhi. Lakini Notcutt alipotafuta filamu za kuonyesha aliona kwamba zilizopatikana zilitengenezwa kwa watu wa Ulaya na Marekani, wala hazikuwahusu watu wake. Hapo ndipo alipoanza kufikiri juu ya filamu zitakazopigwa hapa hapa, wachezaji wake wakiwa Waafrika, na mambo yake yakiwa yale ambayo mtazamaji ameyaona kwa macho yake mwenyewe. Katika fikira hiyo hakuwa peke yake. Julian Huxley, yule mwanachuoni wa elimu ya viumbe, alikuja Afrika Mashariki mwaka 1929, akawajaribu wanafunzi kwa filamu chache, naye akakuta kwamba walizielewa vizuri kuliko ilivyodhaniwa. Katika Nigeria William Sellers alikuwa ameanza kuonyesha picha za mambo ya afya. Lakini Notcutt alitaka zaidi ya kuonyesha. Alitaka kuwa na karakana.

Karakana hiyo ilipatikana kwa sababu ya migodi. Mwaka 1932 Mmarekani J. Merle Davis, mkuu wa idara ya uchunguzi ya Baraza la Kimataifa la Misheni, aliongoza tume iliyochunguza jinsi migodi ya shaba ya Rodezia ya Kaskazini ilivyokuwa ikiyageuza maisha ya vijiji, na taarifa yake ikatolewa katika kitabu mwaka 1933. Davis aliona pengo lililokuwa likizidi kupanuka baina ya kijana aliyekwenda kuchimba shaba na wazee waliobaki nyumbani, akadhani kwamba sinema ingeweza kuwa daraja. Shirika la Carnegie la New York lilitoa fedha nyingi, na kampuni za migodi zikaongeza zao. Hivyo mwaka 1935 likaanzishwa Jaribio la Sinema ya Elimu kwa Wabantu: Davis mkuu wake, Notcutt mwongozaji wa kazi za karakana na upigaji wa picha, na Latham mwongozaji wa upande wa elimu. Huko London palikuwa na baraza la washauri, mwenyekiti wake akiwa Lord Lugard.

Ikiwa daraja lile lilitakiwa liungane na migodi, basi ukanda wa Tunduma ulikuwa mojawapo ya nguzo zake. Vijana wa nyanda za kusini-magharibi za Tanganyika walikuwa wakivuka mpaka kwenda kuchimba shaba, na wengine wakielekea kaskazini kwenye dhahabu ya Lupa, upande wa Chunya. Walitoka na lugha moja, wakarudi na mbili au tatu. Waliobaki nyumbani walibaki na ile moja. Pengo aliloliona Davis lilikuwa pia pengo la maneno, ingawa halikutajwa hivyo mara nyingi.

Mahali palipochaguliwa pa kufanyia kazi palikuwa Vugiri, juu ya Korogwe, ambako hewa ni baridi na dawa za kusafishia filamu haziharibiki upesi kama pwani. Huko zilitengenezwa filamu zipatazo 35 kwa muda usiotimia miaka mitatu. Kwa kipimo chochote hiyo ni kazi nyingi, na wingi wake ulikuwa na gharama: picha nyingi zilikuwa hafifu, na sauti hafifu kuliko picha. Notcutt alitumia filamu nyembamba ya milimita 16, iliyo rahisi kwa bei na nyepesi kwa kusafiri. Filamu yenyewe ilikuwa bubu. Sauti ilitiwa katika sahani za santuri, na mtambo wa santuri ukafungamanishwa na mtambo wa picha ili viende pamoja.

Hapa inafaa kusimama kidogo, maana uamuzi huo, uliokuwa wa fundi, ulikuwa na matokeo makubwa kwa lugha. Filamu yenye sauti ndani yake ina lugha moja; ukitaka lugha nyingine itakubidi utengeneze filamu nyingine. Lakini picha bubu yenye sahani pembeni inaweza kusema lugha yoyote ambayo sahani yake imetengenezwa. Unabadilisha sahani, picha ni ile ile. Kwa nchi zenye lugha nyingi kama hizi, shauri hilo lilikuwa la busara, wala halistahili dharau ya wale wanaoitazama mitambo ya zamani kama michezo ya watoto. Hasara yake ilikuwa ya namna mbili. Kwanza, filamu ikikatika na kuungwa, picha chache hupotea, lakini sahani haikatiki pamoja nayo. Tangu hapo maneno huachana na vinywa, na mwizi huweza kukimbia kabla hajasikika kelele za mwenye mali. Pili, na hili ndilo kubwa, mtindo huo ulijengwa juu ya imani kwamba maana imo katika picha, na kwamba sauti ni vazi tu linaloweza kuvuliwa na kuvikwa jingine.

Lugha zilizotiwa katika sahani zilikuwa Kiswahili kwanza, kisha Kisukuma, Kikuyu, Kijaluo na Kiganda, na kwa nchi za kusini Kinyanja, Kibemba na Kitumbuka. Ni orodha ya lugha zenye wasemaji wengi au zenye nafasi katika shule na serikali. Kinyamwanga na Kinyiha hazimo. Kwa mtu wa Tunduma, basi, sahani za Vugiri zilikuwa na Kiswahili upande wake wa kaskazini na Kibemba upande wa kusini. Lugha aliyoamkia nayo asubuhi haikuwako popote. Picha iliyotakiwa kuwaunganisha watu ilifuata mstari uliochorwa na tume ya 1898.

Filamu ya kwanza yaonyesha vizuri uwezo wa picha na kikomo chake. Ilihusu Benki ya Akiba ya Posta. Watu wawili wanapata mshahara wao. Mmoja anaufukia ardhini ndani ya nyumba yake, mwizi anamwona, fedha zinaibwa; wa pili anaweka zake Posta, nazo zinasalimika. Mambo haya yanaeleweka bila neno hata moja. Mtu yeyote anajua kufukia, anajua kuibiwa, na watu wote hupenda kumwona mwizi akifukuzwa. Lakini kiini cha filamu hakikuwa mwizi. Kilikuwa Posta, na Posta haionyeshiki. Dirisha linaonekana, karani anaonekana, kitabu kidogo kinaonekana. Lakini kwamba yule karani asiyejulikana hatazila fedha zile, na kwamba zitarudi zikiwa na faida, hayo yanahitaji maneno, tena maneno ya mtu unayemwamini. Mtazamaji asiyejua lugha ya sahani aliweza kurudi nyumbani akiwa amefurahi kabisa, naye amejifunza kwamba fedha zifukiwe chini zaidi.

Palikuwa pia na filamu juu ya kodi, iliyokusudiwa kueleza serikali inafanya nini na fedha inazokusanya. Hapo tafsiri ilikuwa kazi nzito kuliko ilivyoonekana. Katika Kiswahili neno *kodi* lina undugu na kitenzi *kukodi*, na hutumika kwa malipo ya nyumba ya mtu mwingine. Mtu hulipa kodi kwa sababu anatumia kitu kisicho chake. Serikali iliyotoza *kodi ya kichwa* iliwafanya watu, kwa maana ya neno lenyewe, kuwa wapangaji wa vichwa vyao. Kusini ya Tunduma maneno ni mengine: *umusonko* kwa Kibemba na *msonkho* kwa Kinyanja, na katika Kinyanja kitenzi chake, *kusonkha*, ni kukusanya au kuchanga pamoja. Filamu ilitaka kufundisha kwamba kodi ni mchango. Kinyanja kilikuwa kimekwisha kusema hivyo; Kiswahili hakikusema, na mfasiri wa sahani ya Kiswahili alikuwa na mlima wa kupanda ambao mwenzake wa kusini hakuwa nao.

Lakini isidhaniwe kwamba neno jema huleta ridhaa. Mwezi wa Mei 1935, wakati mambo ya Vugiri yalipokuwa machanga, wachimbaji wa shaba katika Mufulira, Nkana na Luanshya waligoma kwa sababu ya kodi iliyopandishwa, na Luanshya watu sita waliuawa kwa risasi. Hiyo ilikuwa nchi ya *umusonko*. Waliogoma walijua maana ya kuchanga. Walichokataa ni kiasi, na namna walivyotangaziwa. Hapana filamu ambayo ingeyatengeneza hayo. Kampuni zilizochangia gharama za sinema ndizo zilizokuwa na migodi hiyo, na jambo hilo haliwezi kuachwa nje ya hesabu mtu asemapo juu ya nia njema ya waongozaji, ambayo kwa kweli ilikuwapo.

Mfano wa tatu ni filamu za maradhi. Ipo moja juu ya minyoo ya tumboni iletayo ugonjwa uitwao *safura*. Neno hili limetoka katika Kiarabu, na asili yake ni umanjano, yaani rangi ya mgonjwa. Kiswahili kiliutaja ugonjwa kwa jinsi unavyoonekana usoni. Filamu ilitaka kuutaja kwa mnyoo usioonekana, uingiao kwa nyayo za miguu. Vivyo hivyo kwa filamu ya malaria ya watoto wachanga, ambapo neno la kawaida *homa* lilibeba kila joto la mwili. Mfasiri alikuwa na hiari ya kulitumia neno la watu na kulitia maana mpya, au kuleta neno geni na kulieleza. Wakati huo kamusi sanifu iliyohaririwa na Frederick Johnson ilikuwa bado haijatoka. Ilitoka mwaka 1939. Wasemaji wa Vugiri walikuwa wakiamua kwa vinywa vyao, mbele ya mtambo, mambo ambayo Kamati ilikuwa ikiyaamua polepole kwa kalamu.

Filamu zilizoepuka taabu hii ni zile za hadithi. Moja ilikuwa ngano ya Sungura na Chui. Mjanja huyo wa pwani kusini huitwa Kalulu, nao watu wa Kibemba na Kinyanja humjua kama jirani. Hapa kweli sahani ilikuwa vazi tu, kwa sababu mwili uliovikwa ulikuwa wa watu wote. Notcutt na Latham walikuwa wametaja miongoni mwa makusudi yao kuhifadhi mambo mema ya mila za Waafrika, lakini filamu za namna hii zilikuwa chache mno zikilinganishwa na zile za mbolea, kahawa, ngozi na chanjo. Waliokuwa wakilipa walitaka mazao. Iko nyingine, *Gumu*, ya kijana aachaye kijiji na kwenda mjini. Nayo ni habari ambayo kila kijiji cha Mbozi na Isoka kilikuwa na mifano yake hai, ijapokuwa mji wa vijana hao haukuwa Tanga bali Luanshya.

Mwezi wa Septemba 1935 Latham aliondoka na lori lenye mtambo wa umeme, pazia, filamu na sahani, na safari hiyo ikaendelea hata Februari 1936 katika Tanganyika, Rodezia ya Kaskazini, Nyasaland, Kenya na Uganda. Yalifanyika maonyesho zaidi ya tisini mbele ya makumi ya maelfu ya watu. Njia ya magari kutoka Iringa kwenda nchi ya Wabemba ndiyo ile ipitayo Mbeya na Tunduma, na safari ya namna hiyo wakati huo haikuwa ya starehe: vumbi la kiangazi hukwaruza filamu, na masika yaanzapo matope ya nyanda za juu hushika magurudumu. Zaidi ya hayo, onyesho hungojea giza, na likiisha ni usiku, na watu wametoka mbali. Mtu aliyefanya kazi hiyo miezi mitano mfululizo hakuwa mkurugenzi wa kukaa mezani.

Tena Latham hakuwa akienda nchi ngeni. Alipovuka mpaka kuingia Rodezia ya Kaskazini aliingia katika nchi ambayo shule zake alikuwa amezisimamia mwenyewe, na sahani ya Kibemba aliyoichezesha ilikuwa tunda la uchaguzi uliofanywa katika siku za ukurugenzi wake. Kwa vijana waliopita shuleni au migodini lugha hiyo ilitosha. Kwa wazee na wanawake wa vijiji vya mpakani yamkini haikutosha, kama vile Kiswahili kisivyowatosha wenzao wa upande wa pili. Palipokuwa hapana sahani ya lugha ya mahali, msaada uliobaki ni mkalimani, naye mkalimani huweza kuifanya filamu kuwa filamu nyingine kabisa. Akiona Posta haieleweki atasimulia zaidi habari za mwizi. Pazia linakuwa la Vugiri, na maana inakuwa ya mkalimani.

Kuna jambo jingine ambalo sahani haikuweza kulibadili. Wachezaji wengi wa filamu za mwanzo walipatikana Usambara na Tanga. Mavazi yao, nyumba zao, namna yao ya kusalimiana na kuketi, vyote vilikuwa vya huko. Mtazamaji wa Kinyiha aliona watu weusi kama yeye, akasikia lugha anayoijua kidogo, lakini hakuona nyumba ya kwao. Waongozaji waliandika kwa ajili ya mtu waliyemwita "Mwafrika", au "Mbantu" kama jina la Jaribio lisemavyo, na mtu huyo hakuwa na kijiji. Kosa hili halikuwa lao peke yao. Lilikuwa kosa la zama zao, na ofisi za London zililipenda kwa kuwa lilipunguza gharama.

Mwaka 1937 Jaribio lilikoma. Fedha za kwanza zilikuwa zimekwisha, na serikali za Tanganyika, Kenya na Uganda, ambazo zilisaidia katika kipindi cha pili, hazikutaka kuubeba mzigo wote. Ubora hafifu wa picha na sauti ulitajwa. Katika mwaka huo huo Notcutt na Latham walitoa kitabu chao, *The African and the Cinema*, kilichoeleza kazi yao pamoja na makosa yake kwa unyofu usio wa kawaida katika taarifa za namna hii, wakapendekeza pawepo chombo kimoja cha kuunganisha kazi za sinema katika makoloni. Mwaka 1939 serikali ya Uingereza ilianzisha Idara ya Filamu za Makoloni, lakini uongozi wake akapewa Sellers wa Nigeria. Miaka ya baada ya vita mpaka wa Tunduma ulizidi kuwa mpaka wa sinema: kusini yake, tangu 1948, kilifanya kazi Kitengo cha Filamu cha Afrika ya Kati, kwa ajili ya Rodezia zote mbili na Nyasaland, na kaskazini Tanganyika ikafuata njia yake.

Njia hiyo ilikuwa ya Kiswahili, na katika miaka ya kwanza ya 1950 ikaleta jambo ambalo Vugiri halikulipata. Kampuni ya filamu kutoka Johannesburg ilitengeneza, kwa kushirikiana na serikali ya Tanganyika, filamu za hadithi ndefu za Kiswahili, kama *Muhogo Mchungu* na *Chalo Amerudi*, na mchezaji wake mashuhuri alikuwa kijana mtumishi wa serikali, mzaliwa wa Songea aliyesoma Tabora, Rashidi Mfaume Kawawa. Waongozaji walikuwa bado wageni. Lakini Kawawa hakuwa picha iliyovikwa sauti ya mwingine. Alikuwa mtu anayesema lugha yake ya kila siku, akiwachekesha watu kwa usemi wake mwenyewe. Mtu wa shamba aingiaye mjini, ambaye katika *Gumu* alikuwa mfano wa onyo, sasa alikuwa mtu mwenye jina na maneno. Mwezi wa Januari 1962 mchezaji huyo akawa Waziri Mkuu wa Tanganyika, na wako waliomjua kwa pazia kabla ya kumjua kwa siasa.

Kwa wachunguzi wa lugha, hata hivyo, hasara ya Vugiri haikufidiwa na mambo yaliyofuata. Zile sahani zilikuwa na Kiswahili cha mafundisho kama kilivyosemwa kwa sauti mwaka 1935 na 1936, katika siku ambazo usanifishaji ulikuwa bado haujafika vinywani mwa watu. Tena zilikuwa na jambo lile lile lililosemwa kwa Kibemba, Kinyanja, Kitumbuka, Kisukuma na Kiganda, mstari kwa mstari, juu ya picha ile ile. Ni vigumu kufikiri juu ya mkusanyo bora kuliko huo wa kulinganisha tafsiri. Notcutt aliyeutengeneza hakuuona hivyo. Kwake sahani ilikuwa kifaa, na ikichakaa hutupwa.

Filamu za Vugiri zijulikanazo kuwa zimehifadhiwa Uingereza ni tatu, zote za 1936: moja juu ya minyoo ya safura, moja juu ya mafunzo ya Waafrika katika uganga wa mifugo, na moja juu ya mashamba ya wakulima wadogo huko Kingolwira, karibu na Morogoro. Hutazamwa bila sauti. Watu wa Kingolwira waonekana wakiwa kazini. Neno lililochaguliwa kwa kodi, neno lililochaguliwa kwa safura, na matamshi ya wale waliosema mbele ya mtambo wa Vugiri, hayasikiki humo.